Mali bila Daftari: Namna Wakfu wa Chuo Kikuu Unavyochangisha na Kulinda Fedha za Msaada

Katika hospitali nyingi za kufundishia, mgonjwa anayesubiri zamu yake hupata muda wa kusoma vibao vilivyopigiliwa ukutani. Kimoja hueleza kwamba jengo limejengwa kwa msaada wa familia fulani, kingine kwamba mashine ilitolewa na marafiki wa ng'ambo, na karibu na dirisha la malipo huwapo sanduku la michango lenye kufuli. Vibao hivyo hutaja nani alitoa na mwaka aliotoa. Havisemi fedha ziliandikwa katika daftari gani, kiasi gani kimetumika, kwa idhini ya nani, na kiasi gani kimebaki. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua iwapo msaada utamfaa mgonjwa wa leo peke yake, au pia yule atakayelazwa miaka hamsini ijayo, au hautamfaa yeyote.

Vyuo vikuu vingi vya tiba hukabidhi jukumu hilo kwa wakfu, yaani chombo chenye usajili wake, bodi yake ya wadhamini na akaunti zake, kilichoundwa ili kuomba, kupokea, kuwekeza na kugawa fedha za hisani kwa ajili ya chuo na hospitali yake. Kutenganishwa huku si urasimu mtupu. Mkuu wa chuo anakabiliwa kila mwezi na mishahara, bili za umeme na madai ya wazabuni. Fedha za hisani zikikaa katika akaunti hiyo hiyo, siku ya shida zitatumika, hata kama nia ni njema. Wadhamini huwekwa ili awepo mtu mwenye haki ya kusema hapana.

Ili kuona jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, na jinsi unavyoweza kukwama, unafaa mfano wa Johns Hopkins katika jiji la Baltimore, Marekani. Historia yake imeandikwa kwa kina, na matokeo ya maamuzi yaliyofanywa huko katika karne ya 19 yameshaonekana.

Wosia wa Baltimore

Johns Hopkins alikuwa mfanyabiashara asiye na mke wala mtoto. Alipofariki tarehe 24 Desemba 1873 aliacha dola milioni 7, zigawanywe nusu kwa nusu kati ya chuo kikuu na hospitali. Kwa wakati ule, ulikuwa wosia wa hisani mkubwa kupita wowote uliokuwa umetolewa Marekani. Taasisi zote mbili alikuwa amekwisha kuzisajili mwaka 1867, kila moja ikiwa na wadhamini wake, hivyo mali ilipita moja kwa moja mikononi mwa watu waliokuwa na wajibu wa kisheria wa kuitunza.

Miezi tisa kabla ya kifo chake aliwaandikia wadhamini wa hospitali barua ya maelekezo. Maskini wa jiji na viunga vyake wapokewe na kutibiwa bila malipo, bila kujali jinsia, umri wala rangi. Majengo nayo yajengwe kwa pato litokanalo na mali, si kwa mali yenyewe. Agizo hilo la pili lilikuwa zito. Ujenzi ulianza mwaka 1877, na hospitali haikufunguliwa hadi Mei 1889. Kwa mgonjwa wa Baltimore wa mwaka 1880, miaka hiyo 12 ya kusubiri haikuwa jambo dogo, na bila shaka wapo waliofariki wakiwa wanalitazama jengo lisilokwisha. Hata hivyo, siku milango ilipofunguliwa, majengo yaliyogharimu takriban dola milioni 2 yalikuwa yamesimama na mtaji haukuwa umemegwa. Pato lake liliweza sasa kulipa wauguzi, dawa na chakula cha wodini, mwaka baada ya mwaka.

Afrika Mashariki imezoea zaidi njia ya harambee: watu hukusanyika, ahadi husomwa hadharani, na jengo huinuka kwa haraka. Njia hiyo imetujengea zahanati na shule nyingi, na haina budi kuheshimiwa. Udhaifu wake huonekana baada ya utepe kukatwa, pale wodi mpya inapokosa muuguzi wa usiku, jokofu la damu linapokosa fundi, na hakuna aliyechangia kwa ajili ya hayo. Wakfu unaofikiri vizuri huhesabu gharama ya jengo pamoja na gharama ya kuliendesha kabla haujaomba shilingi ya kwanza.

Reli ilipoacha kulipa

Nusu ya urithi iliyokwenda chuoni haikuwa na usalama huo. Sehemu yake kubwa ilikuwa hisa za kampuni moja, Reli ya Baltimore na Ohio, na wosia uliwashauri wadhamini wasiziuze. Kwa miaka mingi ushauri huo ulionekana wa busara, kwa sababu reli ililipa gawio zuri. Mwishoni mwa miaka ya 1880 gawio likakatika. Chuo kilichokwisha kujipatia sifa ya kimataifa kikajikuta hakina pato la kulipa walimu, na marafiki wa Baltimore wakalazimika kukichangia mfuko wa dharura. Mwaka 1896 kampuni yenyewe iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Hospitali iliponea kwa kuwa fungu lake lilikuwa limewekwa katika mali za aina nyingine.

Kwa wadhamini wa leo, fundisho la tukio hilo lina pande mbili. La kwanza ni kutoweka mayai yote katika tenga moja: mfuko wa wakfu hugawanywa kati ya hati fungani za serikali, amana za benki, hisa za kampuni mbalimbali, na pengine majengo ya kupangisha. La pili ni gumu zaidi, nalo ni kwamba mapenzi ya mtoaji juu ya namna ya kuwekeza yanaweza kuangamiza mapenzi yake juu ya nani asaidiwe. Kwa hiyo mikataba mizuri ya msaada hufunga kusudi la fedha, lakini huwaachia wadhamini uhuru wa kuhamisha uwekezaji hali inapobadilika.

Sharti la akina mama

Reli ilipokwama, hospitali ilikuwa tayari na maprofesa walikuwa wameanza kuajiriwa, lakini shule ya tiba haikuweza kufunguliwa kwa kukosa fedha. Mwaka 1890 kundi la wanawake wa Baltimore, wengi wao mabinti wa wadhamini wenyewe, lilijitokeza na pendekezo. Wangekusanya dola 100,000 ziwe za shule hiyo, mradi wanawake wapokewe kwa masharti yale yale ya wanaume. Waliunda kamati katika miji mingi ya Marekani na kutimiza ahadi yao. Wadhamini walipokea fedha na sharti lake, ila wakasema shule haitafunguliwa hadi mfuko ufike dola 500,000.

Mwishoni mwa mwaka 1892 Mary Elizabeth Garrett alijazia kiasi kilichopungua, dola 306,977. Alikuwa binti wa aliyekuwa rais wa ile ile kampuni ya reli. Barua yake iliweka usawa wa jinsia kuwa sharti, ikataka kila anayejiunga awe na shahada ya kwanza na maandalizi ya sayansi, na ikaeleza kwamba sharti likivunjwa fedha zirudi kwake au kwa atakayemteua. Shule ilifunguliwa Oktoba 1893, na wanawake 3 walikuwamo katika darasa la kwanza la wanafunzi 18. Inasimuliwa kwamba William Osler alimtania mwenzake William Welch kuwa wana bahati wameingia kama maprofesa, maana kwa vigezo hivyo wasingeweza kuingia kama wanafunzi.

Matunda ya sharti hilo wataalamu wa afya wanayajua, pengine bila kujua mti wake. Dorothy Reed, aliyehitimu hapo mwaka 1900, ndiye aliyeeleza mwaka 1902 seli za ugonjwa wa Hodgkin ambazo hadi leo hubeba jina lake. Florence Sabin, mhitimu wa mwaka huo huo, alikuwa profesa kamili wa kwanza mwanamke katika shule hiyo, mwaka 1917. Helen Taussig alihitimu mwaka 1927. Pamoja na daktari wa upasuaji Alfred Blalock na fundi wa maabara Vivien Thomas, alifungua njia ya upasuaji uliofanyika Novemba 1944 kwa mtoto aliyekuwa akibadilika rangi kuwa samawati kwa kukosa oksijeni. Watoto wenye kasoro hiyo ya moyo bado huletwa katika kliniki za Dar es Salaam na Nairobi, na matibabu yao yanatokana na kazi ya mwanamke ambaye mlango wake ulifunguliwa kwa mkataba wa msaada.

Yafaa kulinganisha masharti mawili. Lile la Garrett lilikuwa na adhabu ndani yake, na lilitekelezwa. Lile la Hopkins mwenyewe, kwamba rangi isiwe kigezo, lilibaki katika barua. Wagonjwa weusi walipokewa, lakini kwa miongo mingi walilazwa katika wodi zilizotengwa. Sharti lisilotaja nani atalisimamia na nini kitatokea likivunjwa hugeuka haraka kuwa maneno ya heshima tu.

Mti na matunda

Wazo la kutumia pato na kuacha mtaji si geni kwa Waswahili. Katika miji ya pwani, tangu Lamu hadi Zanzibar, waumini wa Kiislamu wameweka wakfu nyumba na mashamba kwa karne nyingi. Nyumba haiuzwi, na kodi yake hutumika kwa msikiti, madrasa, kisima au jamaa wahitaji. Neno lenyewe tunalotumia kwa taasisi hizi limetoka huko. Mfuko wa kudumu wa chuo kikuu ni wakfu wa aina hiyo hiyo, ila badala ya nyumba kuna hati fungani na hisa.

Hesabu yake yafaa kueleweka na kila mchangiaji. Tuchukue mfuko wa shilingi milioni 100 unaozaa asilimia 9 kwa mwaka, katika nchi ambayo bei hupanda kwa asilimia 5. Bodi ikitumia asilimia 4, yaani milioni 4, asilimia 5 zinazobaki hurudishwa katika mfuko, nao hukua sawasawa na bei za dawa na vifaa. Kizazi kijacho kitakuta mti ule ule. Bodi ikitumia asilimia zote 9, milioni 100 zitabaki milioni 100 kwenye karatasi, lakini baada ya miaka 14 zitanunua takriban nusu ya kile zinachonunua leo. Ndiyo maana vyuo vingi vya Marekani hujiwekea kanuni ya kutumia kati ya asilimia 4 na 5 kwa mwaka, tena wakipiga wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka kadhaa, ili mwaka mmoja mzuri usiwalevye na mwaka mmoja mbaya usiwafukuzishe wanafunzi.

Mwaka 2024 ulitoa mifano miwili mikubwa. Mwezi Februari, Ruth Gottesman, mwenye umri wa miaka 93 na profesa wa zamani wa chuo cha tiba cha Albert Einstein kilichoko Bronx, New York, alikipa chuo hicho dola bilioni 1 ili wanafunzi wa udaktari wasilipe karo tena. Karo ilikuwa takriban dola 59,000 kwa mwaka. Asilimia 4.5 ya bilioni moja ni dola milioni 45, na kiasi hicho kinatosha karo ya wanafunzi wapatao 760 kila mwaka bila kugusa mtaji. Pamoja na ukubwa wa zawadi yake, aliomba jina la chuo lisibadilishwe. Mwezi Julai mwaka huo huo, wakfu wa Michael Bloomberg uliipa Johns Hopkins dola bilioni 1, na sehemu ya fedha hizo iliondoa karo kwa wanafunzi wa udaktari wanaotoka katika familia zenye kipato cha chini ya dola 300,000 kwa mwaka. Hata fedha hizo kubwa zinafuata kanuni ile ile ya mfuko wa milioni 100.

Milango ya kuingilia fedha

Wakfu hupokea kwa njia nyingi. Michango midogo ya simu na ya sandukuni huja mara kwa mara. Ahadi za wahitimu na kampuni hulipwa kwa awamu, na kwa hiyo hazipaswi kutumiwa kama fedha taslimu kabla hazijaingia. Wosia huja mara chache lakini kwa wingi. Mwisho ni misaada ya vifaa, ambayo huhitaji hadhari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unasisitiza kwamba kifaa kitolewe kwa kuzingatia mahitaji ya anayepokea, kiwe na vipuri, maelekezo na mafunzo. Mashine isiyo na kitendanishi wala fundi hugeuka mzigo wa stoo, na wakfu una haki ya kuikataa kwa adabu.

Wakfu una wajibu pia wa kuuliza fedha zimetoka wapi. Desemba 2019 Chuo Kikuu cha Tufts kiliondoa jina la familia ya Sackler katika shule yake ya tiba, kutokana na uhusiano wa familia hiyo na kampuni iliyouza dawa ya maumivu aina ya opioidi iliyochangia janga la uraibu Marekani. Mwaka mmoja baadaye Johns Hopkins yenyewe ilitangaza kwamba kumbukumbu za sensa za mwaka 1840 na 1850 zinaonyesha watu waliomilikiwa kama watumwa katika nyumba ya mwasisi wake. Jina likishachongwa ukutani ni vigumu kulifuta. Ni rahisi zaidi kuchunguza kabla.

Mlango mwingine ni mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyepona hutamani kushukuru, na shukrani hiyo ni halali. Hatari iko katika kuiomba. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kujua kama akikataa kuchangia atahudumiwa vilevile. Kwa sababu hiyo mwongozo wa maadili wa Chama cha Madaktari cha Marekani unawataka madaktari waepuke kuwaomba wagonjwa wao michango moja kwa moja, hasa wakati wa matibabu. Daktari anayeulizwa na mgonjwa namna ya kutoa amwelekeze ofisi ya wakfu, kisha arudi kwenye faili lake. Picha za wagonjwa, hasa watoto, zisitumike katika matangazo ya kuchangisha bila ridhaa iliyoeleweka, na ridhaa hiyo isitafutwe siku ya upasuaji.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Upotevu wa fedha za hisani mara nyingi hauanzi na wizi, bali na mkopo wa ndani. Chukulia mfuko uliochangiwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo wasioweza kulipia usafishaji damu. Mwezi mmoja mishahara inachelewa, na mtu mwenye nia njema anapendekeza zichukuliwe fedha hizo kwa muda, zirudishwe mwezi ujao. Mwezi ujao unakuwa na shida yake. Mgonjwa anayehitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki hana muda wa kungojea marekebisho ya hesabu.

Kinga dhidi ya hali hiyo zinajulikana. Fedha zenye kusudi maalumu huandikwa mbali na fedha huru, kila mfuko na ukurasa wake. Anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, na hundi ihitaji sahihi zaidi ya moja. Mdhamini mwenye biashara na wakfu atangaze maslahi yake na atoke chumbani uamuzi unapofanywa. Sanduku la michango lifunguliwe na watu wasiopungua wawili, wahesabu pamoja na kutia sahihi pamoja. Hesabu za mwaka zikaguliwe na mkaguzi wa nje, nazo zionyeshe wazi ni kiasi gani kilitumika kuendesha ofisi na kuchangisha. Nchini Tanzania bodi za wadhamini husajiliwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, lakini usajili ni mwanzo tu. Cheti hakihesabu fedha.

Wafanyakazi wa afya wana nafasi yao katika ulinzi huu. Muuguzi wa wodi ndiye anayejua kama mgonjwa aliyeandikwa kuwa amesaidiwa kweli alisaidiwa. Mfamasia ndiye anayejua kama dawa zilizonunuliwa kwa fedha za mfuko zilifika rafuni. Wakfu unaoomba taarifa zao na kuzilinganisha na stakabadhi hupata ukaguzi ambao mhasibu peke yake hawezi kuufanya.

Mary Garrett alikuwa na mawakili, na aliweza kuandika kwamba fedha zirudi sharti likivunjwa. Aliyetia shilingi elfu tano katika sanduku la mapokezi hana mkataba wala wakili, ana imani tu. Kwake yeye daftari ndilo mkataba wake. Kwa hiyo taarifa ya mwaka isiishie katika kabati la bodi wala isiandikwe kwa lugha ya wahasibu pekee. Ibandikwe kwa Kiswahili pale pale juu ya sanduku, ikitaja kilichoingia, kilichotoka, waliosaidiwa bila kutajwa majina yao, na kilichobaki, ili mgonjwa anayesubiri zamu yake aisome pamoja na vibao vya ukutani.